Kalamu ya insulini isiyoisha

Kalamu ya mililita 3 huwa na yuniti 300. Kijana anayechoma yuniti 30 za insulini hiyo kwa siku, ukijumlisha mbili za kujaribia sindano kila mara, haimfikishi siku 10. Ikiwa wiki ya tatu imeingia na kalamu bado nusu, huku HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita) ikipanda, kuna dozi zinazorukwa. Usianze kwa kugomba. Mara nyingi nyuma yake kuna hofu ya kunenepa.

Hofu hiyo ina chanzo. Kabla kisukari aina ya kwanza hakijagunduliwa, sukari hutoka na mkojo na mwili hukonda. Insulini ikianza, uzito hurudi upesi. Asiyeelezwa mapema huilaumu insulini, kwa hiyo aambiwe tangu siku ya kwanza: kilo zinazorudi ni zile zilizoporwa na ugonjwa.

Nyumbani, tatizo hulelewa na midomo yetu watu wazima. Kijana anaingia mlangoni, hata hajavua viatu, anaulizwa: “Sukari ngapi?” Msalimie kwanza. Kipimo kiwe juu, chini au ndani ya lengo, kisiwe “kizuri” wala “kibaya”. Si mtihani ule. Na chakula kikipigwa marufuku kitaliwa kwa kificho, bila dozi.

Sukari ikishuka, njaa yake haina adabu. Gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4 mmol/L, rudia. Inashuka kila siku? Basi zungumzeni na daktari kuhusu dozi, mwacheni mtoto na ulaji wake.

Kliniki nayo impime uzito bila kutangaza namba ukumbini. Dodoso la DEPS-R, la kupima matatizo ya ulaji kwa wenye kisukari, lina maswali 16. Alama 20 au zaidi zinadai mazungumzo ya kina, faraghani.

Kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, ketoni (tindikali zinazojaa damuni insulini ikikosekana) kupanda: hospitali, saa hiyohiyo.

Anayerudia insulini baada ya kuiacha kwa muda mrefu hupandishwa dozi polepole na daktari, maana sukari ya miezi mingi ikishushwa ghafla inaweza kudhuru macho na mishipa ya fahamu. Miguu huweza kuvimba maji na mizani kuruka. Aambiwe kabla: ni maji, yatapungua.