Dawa ya Presha Iliyojaribiwa Kwetu

Kwa miaka mingi, mkazi wa Nairobi aliyepimwa na kuambiwa kuwa ana presha alikabidhiwa vidonge ambavyo nguvu zake zilikuwa zimethibitishwa hasa kwa wagonjwa wa Marekani na Ulaya. Sisemi hivyo kwa lawama, kwa kuwa utafiti huo umeokoa maisha ya watu wengi, wakiwemo wa familia yangu. Hata hivyo, presha ni ugonjwa ambao mtu huishi nao miaka ishirini au thelathini, na anayemeza kidonge kila asubuhi kwa muda huo wote ana haki ya kuuliza kilijaribiwa kwa nani.

Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana mwaka wa 2019, yalipochapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa Dike Ojji, daktari wa moyo wa Abuja, na miongoni mwa waandishi wenzake yumo Profesa Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliandikishwa wagonjwa 728 Waafrika weusi kutoka Nigeria, Kamerun, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Swali lilikuwa la kliniki ya kila siku: presha isiposhuka kwa dawa moja, daktari huongeza ya pili, lakini ni zipi mbili zinazofaa kwenda pamoja? Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi, ile dawa ya kupunguza maji ambayo wagonjwa huijua kwa jinsi inavyowapeleka msalani. La pili amlodipini na perindoprili. La tatu perindoprili na hidroklorothiazidi.

Jambo lililonivutia zaidi ni jinsi walivyopima. Hawakutegemea kipimo cha mara moja cha mgonjwa aliyeingia akihema baada ya kugombania matatu na kupanda ngazi. Mgonjwa alivalishwa mashine kwa saa 24, mkanda ukajijaza hewa wenyewe mkononi mchana na usiku, naye akiendelea na shughuli zake na hata akiwa usingizini. Aliyewahi kuuvaa mkanda huo anajua kwamba ukikaza huna budi kuunyoosha mkono na kutulia hadi ulegee. Usumbufu huo una faida yake, kwa sababu presha hupanda na kushuka siku nzima, na nambari moja ya asubuhi haisimulii habari yote.

Baada ya miezi sita, makundi mawili yaliyokuwa na amlodipini yalikuwa yameshusha presha kuliko la tatu, kwa tofauti ya takriban milimita 3 za zebaki. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, na kwa mgonjwa mmoja huenda asiihisi kabisa, lakini ikienea kwa mamilioni ya watu hupunguza idadi ya wanaopatwa na kiharusi. Sababu yake iko kwenye figo. Kwa Waafrika wengi figo hushikilia chumvi, na mwili unaposhikilia chumvi na maji, kimeng'enya kiitwacho renini hupungua. Perindoprili na enalaprili, dawa ya jamii hiyo hiyo, hufanya kazi kwa kukata mnyororo unaoanzishwa na renini, kwa hiyo palipo na renini kidogo, dawa hizo hukosa sehemu kubwa ya kazi yake. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa ya damu moja kwa moja, renini iwepo au isiwepo.

Hali hiyo ni ya wengi, si ya wote, na mimi husitasita ninapowasikia watu wakiieleza kana kwamba rangi ya ngozi ndiyo inayochagua dawa. Mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kuvujisha protini bado huandikiwa dawa za jamii ya enalaprili ili kuzilinda figo hizo, awe Mkamba au Mswidi.

Nilijikuta nikiyaeleza haya yote kwa shangazi yangu wa Kayole, ambaye alibadilishiwa dawa kliniki akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge na shaka tele. "Mwanangu, hizi ni za watu maskini?" aliniuliza, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuliko zile alizozoea. Nilimwambia kwamba, kwa mara hii, ya bei nafuu ndiyo iliyoshinda majaribio. Wiki chache baadaye viatu vyake vya kanisani vilikataa kuingia, kwa maana vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na hilo ni athari inayojulikana ya amlodipini. Daktari alimpunguzia kipimo akamwongezea dawa nyingine, na uvimbe ukatulia. Utafiti hutoa wastani wa mamia ya watu, ilhali miguu inayovimba ni ya mtu mmoja.

Kwenye kisukari pia swali la nani alipimwa lina uzito. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita kile cha miezi mitatu, huangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha Wamarekani weusi zaidi ya 4,600, ukaonyesha kwamba wanaobeba jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, bila kuugua wenyewe, walisoma chini kwa takriban asilimia 0.3 kuliko wenzao wenye kiwango kile kile cha sukari. Kiasi hicho kinatosha kumweka mtu upande wa salama wa mstari wa asilimia 6.5, ambao kuanzia hapo mtu huhesabiwa kuwa na kisukari, ilhali hastahili kuwa hapo. Wenye asili ya kando ya Ziwa Victoria au ya Pwani, ambako jeni hiyo ni ya kawaida, wana sababu ya kumkumbusha daktari, hasa pale kipimo cha kidoleni kinaposema jambo jingine.

Lakini dawa bora haimsaidii asiyejua kuwa anaugua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na presha ya juu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Hapa Nairobi, watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, walianza kuzifuatilia familia za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani mapema miaka ya 2000, na katika mradi mmoja wa Korogocho wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watu. Kuwapata wenye presha hakukuwa kazi ngumu kama kuwafanya warudi kliniki mwezi baada ya mwezi. Mtu asiyeumwa popote, na anayelipwa kwa siku, hukosa ujira anaposhinda kwenye foleni.

Ndiyo maana ninaona maana kubwa katika jaribio jingine la Abuja, lililotangazwa mwaka wa 2024. Wagonjwa 300 waligawanywa: baadhi walipewa kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo, yaani telmisatani, amlodipini na indapamidi, na wengine matibabu ya kawaida ya hatua kwa hatua. Baada ya miezi sita, presha iliyopimwa nyumbani ilikuwa imeshuka kwa wastani wa milimita 31 kwa waliopewa kidonge hicho, dhidi ya 26 kwa wenzao. Dozi zikiwa ndogo, madhara ya kila dawa hupungua, na mgonjwa hahitaji ziara nyingi za kuongezewa kidonge cha pili kisha cha tatu. Swali linalobaki kwa Nairobi ni la bei, kwa sababu wapo wanaonunua dawa kwa kemisti za mtaani vidonge vitatu au vinne kwa wakati, kadiri pesa zinavyopatikana, na dawa mpya iliyochanganywa kiwandani mara nyingi huwa ghali inapoingia sokoni.