Landrova ya baba, injini ya 3L, na mafuta yaliyojikanyaga yenyewe

Miezi minne Landrova yetu iliondoka kama mbuzi anayevutwa kamba. Unaweka gia ya kwanza, unaachia klachi taratibu, gari linasogea hatua moja, linashituka, linanywea, linashituka tena. Mama alikataa kabisa kupanda. Nyanya nilizoteremsha kutoka Lushoto kwenda Mombo zilifika zimepondeka chini ya matenga, na barabara yenyewe ni lami.

Gari hili ni Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Baba ndiye aliyelinunua, na mimi nilijifunzia udereva humo. Injini yake ya petroli, ya cc 2,286, ilipata ufa kwenye bloki. Tukakaa kifamilia, tukakubaliana tufunge injini ya Toyota 3L, dizeli ya cc 2,779 iliyotoka kwenye Hiace, kwa sababu spea zake zinapatikana hadi Korogwe na mafundi wanaijua. Sijutii uamuzi huo hata kidogo. Injini ilikaa vizuri, ikashikana na giaboksi vizuri. Kilichotutesa ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria: njia ya kutoka kwenye pedeli ya mafuta hadi kwenye pampu ya dizeli.

Landrova za zamani hizi hazikuwa na kebo ya mafuta. Pedeli inazungusha mhimili mfupi uliopita kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva. Mhimili una mikono, na mikono inasukuma fimbo za chuma zenye vifundo vya gololi kwenye ncha, hadi kwenye kabureta. Fundi wa kwanza alizibakiza fimbo zile. Akachomelea kipande cha nondo ili zifike kwenye mkono wa pampu ya 3L. Ukikanyaga, injini inaitika. Ukiachia, inarudi silensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa. Gari likiwa limesimama, kila kitu kilikuwa sawasawa, na hapo ndipo tulipodanganyika.

Fundi wa pili akasema vifundo vimelika. Kweli vilikuwa vimelika. Akaondoa fimbo zote, akaweka kebo ya klachi ya pikipiki, na gamba la kebo, ule mrija wa nje ambamo waya unapita, akalifunga kwenye kibati alichokibana kwenye bodi, pembeni ya injini. Pedeli ikawa laini ajabu. Kushituka kukabaki vilevile.

Jumapili moja nikaamua kuangalia kwa macho yangu. Nilizuia magurudumu yote manne kwa mawe, nikavuta breki ya mkono, nikamweka mpwa wangu kwenye usukani. Pedeli ya mafuta niliikandamiza kidogo kwa kigingi cha mbao, ili mguu wa mtu usihusike. Nikachora mstari wa chaki kwenye mkono wa pampu na mwingine kwenye mwili wa pampu, nikasimama pembeni, boneti iko wazi.

"Weka ya kwanza. Achia klachi kidogo tu, mpaka uisikie inashika, kisha kanyaga tena."

Injini ikajiinua upande mmoja, kama sentimita moja na nusu, juu ya raba zake. Na mistari ya chaki ikaachana.

"Umegusa mafuta?"

"Sijagusa, mjomba. Mguu wangu uko sakafuni."

Nilimwambia arudie mara tano. Mara zote tano mkono wa pampu ulijivuta wenyewe.

Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo inacheza, na dizeli ya silinda 4 inacheza sana. Bodi haichezi nayo. Ukiunganisha pedeli iliyo kwenye bodi na pampu iliyo kwenye injini kwa fimbo ngumu, kila injini inapojiinua fimbo inavuta mafuta. Mafuta yakiongezeka injini inajiinua zaidi. Gari likiruka mbele mzigo unapungua, injini inashuka, mafuta yanakatika, gari linanywea, na mzunguko unaanza upya. Kebo ingetuokoa, maana inapinda, lakini waya wa ndani unavuta kulingana na mahali gamba lake limefungwa. Gamba likifungwa kwenye bodi, umetengeneza fimbo nyingine yenye umbo la kebo. Ncha ya gamba iliyo upande wa pampu lazima ishikwe na injini yenyewe, ili pampu na gamba viinuke na kushuka pamoja.

Tukakata bati la milimita 3, tukalikunja umbo la L, tukalibana kwa bolti mbili za injini karibu na pampu. Kebo nikaiacha ipinde kwa upana kati ya ukuta na injini, mbali na bomba la moshi. Jumatatu asubuhi nikaondoka nyumbani kwa gia ya kwanza na gari likateleza kama mtumbwi. Nilisimama njiani, nikaondoka tena, kwa furaha tu.

Nilipokuwa humo humo nikapima mwendo. Pale kebo ilipofungwa kwenye mkono wa pedeli, milimita 90 kutoka kwenye mhimili, ilivutwa milimita 48. Mkono wa pampu unahitaji 32 tu kutoka silensa hadi mwisho. Maana yake pampu ilifika mwisho wake pedeli ikiwa theluthi mbili, na nguvu iliyobaki ya mguu ilikuwa ikivuta waya na kuitesa pampu. Nikatoboa tundu jipya milimita 60 kutoka kwenye mhimili. 60 kwa 90 ni sawa na 32 kwa 48. Kisha nikaweka bolti chini ya pedeli, iguse sakafu mara tu pampu inapofika mwisho wake. Springi ya kurudisha nimeweka ya pili kwenye pedeli, ingawa pampu ina yake. Mteremko wa Soni, kwenye njia ya kwenda Mombo, una kona kali na korongo upande mmoja. Sitaki kutegemea springi moja.

Wiki mbili baadaye pedeli ikaanza kuwa ngumu. Nikashika kebo mara baada ya kuwasha injini, nikaondoa mkono haraka: ilikuwa ya moto. Mbali na bomba la moshi, na injini bado baridi! Plastiki ya ndani ilikuwa imeanza kuyeyuka na kung'ang'ania waya.

Sababu ilikuwa waya wa ethi. Wakati wa kubadili injini, ule mnene unaounganisha injini na chesisi haukurudishwa. Injini imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Stata ya dizeli, ile mota ya kuwashia injini, inakula mamia ya ampea, na umeme huo ulikuwa ukitafuta njia yoyote ya chuma kurudi kwenye betri. Njia iliyopatikana ilikuwa kebo yangu mpya. Kama una Landrova, Peugeot au Datsun iliyofungwa injini nyingine, tafadhali fungua boneti leo uutafute waya huo kwa macho.

Nilikwangua rangi kwenye chesisi hadi chuma kikang'aa, nikafunga waya mnene kutoka kwenye bolti ya stata, nikapaka grisi juu yake. Kebo nikanunua nyingine. Stata sasa inazunguka kwa nguvu kuliko siku zote tangu tufunge injini hii.

Jana mama alipanda hadi Mombo na kurudi. Leo asubuhi nimekagua tena: kebo mpya imeshavutika milimita 2, nimekaza nati na kuacha ulegevu kidogo ili pampu irudi silensa kamili. Wiki ijayo nitaipima tena.