Mabunge Mawili Chini ya Paa Moja

Majirani zangu wengi humwita seneta wao "mheshimiwa" kisha wakamdai barabara ya mtaani, jambo ambalo si kazi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa Bunge mara mbili: Bunge la Taifa, lenye wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na wateule 12, na Seneti, yenye maseneta 47 waliochaguliwa pamoja na wateule 20, wakiwamo wanawake 16. Maspika hawahesabiwi humo.

Miswada ya fedha huanzia Bunge la Taifa pekee, ilhali Seneti hulinda maslahi ya kaunti, hasa pale mapato ya nchi yanapogawanywa. Linalonivutia zaidi ni upigaji kura wenyewe: suala la kaunti likifika mbele ya Seneti, kila kaunti huwa na kura moja tu, ipigwayo na kiongozi wa ujumbe wake, hivyo Lamu yenye watu wachache hulingana kabisa na Nairobi. Mabunge hayo yakitofautiana kuhusu mswada unaoyahusu yote mawili, huundwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, nayo isipoafikiana ndani ya siku 30, mswada hufa.

Oktoba 2024 tuliuona mgawanyo huu waziwazi, Bunge la Taifa lilipomshtaki naibu wa rais, Rigathi Gachagua, na Seneti, ikikaa kama mahakama, ikasikiliza mashtaka 11 na kuthibitisha matano, naye akaondolewa.