Siku mpwa wangu alipopimwa masikio

Shuleni walishakata shauri: mtoto ni mkaidi, haitiki akiitwa, imla zote anapata sufuri, heri akae nyumbani. Dadangu alilia usiku kucha. Asubuhi nikamwambia anipe mtoto, tukapanda matatu hadi kituo cha kuwapima watoto wenye ulemavu, mojawapo ya vile ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka wa 1984. Mpwa wangu alikuwa darasa la tatu.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja ndani ya ua wa shule ya msingi. Mwalimu wa kituo alimchungulia masikio kwa kurunzi ndogo, akauliza kama yamewahi kutoka usaha. Yametoka, tena sana, tangu uchanga. Kisha akamvisha hedifoni, akampa shanga na mkebe: ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, tia shanga moja. Mwalimu akabonyeza. Mtoto katulia. Akaongeza sauti, akabonyeza tena. Mimi niliyekaa kando nikausikia mlio ukivuja, na yeye, shanga mkononi, bado anaungoja.

Karatasini zikajipanga duara nyekundu za sikio la kulia na alama za X za buluu za kushoto, kila moja ikionyesha mlio mdogo kabisa aliousikia, nyingi kati ya desibeli 50 na 60, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mazungumzo ya kawaida ya watu huwa karibu na 60, basi aliyasikia kwa shida.

Halafu mwalimu akaziba mdomo kwa daftari, akasema, "Fisi." Mtoto akajibu, "Kiti." Akateremsha daftari, akalirudia kwa sauti ile ile. "Fisi," mtoto akasema bila kusita. Mwili ulinisisimka. Kumbe alikuwa amejifunza kusoma midomo, hakuna aliyemfundisha! Na imla husomwa mwalimu akizunguka kati ya madawati, nusu ya darasa kaipa mgongo. Huyo ndiye aliyeitwa mkaidi.

"Baba, huyu si wa kukaa nyumbani."

"Mimi ni mjomba wake, Mwalimu."

"Basi mjomba, wapelekee barua hii."

Iliandikwa: akae dawati la mbele; mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubaoni; masikio yatibiwe hospitali; apimiwe kifaa cha kusikia. Mwalimu wa darasa aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akamhamisha pale pale. Kifaa kilichelewa sana, na ile plastiki ya sikioni hubidi itengenezwe upya kadiri mtoto anavyokua, gharama juu ya gharama. Lakini muhula ule ule, kifaa hakijafika, alikuwa akiandika imla na wenzake.