Siku moja ya mwalimu wa Kiswahili Arua, Uganda: dakika tano za mchezo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko nyuma ya boda, mkoba umejaa madaftari ya kusahihisha na karatasi chakavu. Karatasi hizo ndizo vifaa vyangu. Shule yetu haina projekta, na hata ingekuwa nayo, umeme wa hapa una ratiba yake.

Saa mbili, S.1, yaani kidato cha kwanza. Kiswahili ni somo la lazima kwa S.1 na S.2 tangu mtaala mpya wa mwaka 2020, kwa hiyo darasa limefurika. Wapo waliokulia kwenye Kiswahili cha sokoni, na wapo wanaozungumza Kilugbara tu nyumbani. Nafinyanga karatasi iwe mpira, namrushia mmoja: "Kiti hiki!" Anadaka, anajibu "Viti hivi!", anataja neno lake na kumrushia mwingine. Jino hili, meno haya. Wimbo huu, nyimbo hizi. Ukifika "ukuta" mpira unasimama. Kijana wa dirishani anasema "maukuta", darasa linacheka, naye anacheka pia. Aliyemrushia ndiye mwenye jukumu la kumsaidia: "Kuta hizi." Mchezo unaendelea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Michezo ya kuondoana, kwamba ukikosea unakaa chini, siitaki darasani mwangu. Anayekaa wa kwanza ni yule yule aliyehitaji mazoezi kuliko wote, na wanaobaki ni wale ambao tayari wanajua. Kwangu aliyekosa hurushiwa tena baada ya muda mfupi.

Saa nne, uji, haraka haraka.

Saa tano, S.2, Historia. Leo ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila safu inapewa seti ya karatasi nane, kila moja ina tukio bila mwaka: kuundwa kwa jumuiya ya kwanza, kuvunjika kwake, kusainiwa kwa mkataba mpya Arusha, mkataba kuanza kutumika, kisha kuingia kwa Rwanda na Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Wajipange kwa kufuata wakati, midomo imefungwa. Dakika tatu tu. Ukiwaona wanavyosukumana na kuoneshana vidole! Kongo na Sudan Kusini wanazijua kwa sababu mipaka yote miwili iko karibu. Kinachowapiga chenga ni mkataba wa Arusha. Ulisainiwa Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000, na safu karibu zote zimegeuza. Baada ya hapo kila mmoja anasoma mwaka wake kwa maneno: "elfu moja mia tisa sitini na saba", "sabini na saba", hadi 2007, 2016, 2022 na 2024. Historia na hesabu za Kiswahili kwa mpigo mmoja.

Saa saba, posho (ugali wetu wa mahindi) na maharage. Mwenzangu wa fizikia ananitania kwamba michezo inakula silabasi. Namwonesha daftari langu: nani alikwama wapi. Tathmini endelevu inabeba asilimia 20 ya alama za mwisho za S.4, nami nisingeweza kuwasikiliza watoto wote hao kwa njia nyingine.

Saa nane na nusu ni saa mbaya kuliko zote. Joto la bati, matumbo yamejaa, macho mazito. Hapa mpira haufai, nawaamsha kwa sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mibani."

Kimya. Wanajaribu nyuki, wanajaribu kisamvu, nakataa.

"Nipeni mji."

Kampala hawatoi kamwe, wabahili hawa. Wananipa Pakwach. Basi naenda Pakwach, nafika daraja la Nile, nanunua samaki aina ya angara wa kukaushwa, nawagawia majirani, wao hawapati hata mkia. Wanalalamika kwa Kiswahili, ndicho nilichokuwa nakitaka. Jibu ni nanasi. Msichana wa nyuma anadai zamu: "Kila niendapo ananifuata." "Kivuli!" wanapasua darasa. Nasitisha hapo hapo, wakiwa bado wanataka, kisha tunafungua vitabu.

Saa kumi na moja nakata karatasi za kesho. S.3 wana vitenzi, na kwa vitenzi ni maigizo bila sauti: mmoja anaigiza, wenzake wanataja kitendo katika nafsi na wakati nitakaoutaja. "Atapika", "anapika", "walipika". Nimeamua kuwapa "kufua" kwanza, maana hata mvivu anajua kuiigiza.