Leo Umeokota Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Ruthu sura ya 2, yote. Isomeni kwa sauti nyumbani, si ndefu.

Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wapo watakaokwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), hao wameshapangiwa ratiba. Waliobaki nyumbani, na mama zao zaidi, wanauliza: mtoto ashike kazi gani mpaka chuo kifunguliwe? Wengi wanataka kazi inayoendana na kozi. Anayeomba famasi anatafuta duka la dawa, anayeomba sheria anasubiri wakili amwite. Ikipatikana, vizuri. Ila sisi wa Dodoma tumezungukwa na ofisi mno. Kijana akishaona majengo ya Mtumba, kwenye mji wa serikali, kibarua anakiona kinamshusha hadhi. Basi anasubiri. Agosti inamkuta kitandani na simu.

Ruthu aliingia Bethlehemu mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Mgeni, mjane, na nyumbani kuna mama mkwe wake, Naomi, asiye na kitu. Alichofanya ni kutazama msimu unasemaje. Ulikuwa wa kuvuna, akamwomba Naomi ruhusa aende kuokota masazo nyuma ya yeyote atakayemkubalia. Mlango huo Torati ilikuwa imeshaufungua: Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, na kuokota zabibu zilizoanguka. Ni za maskini na mgeni.

Na kwetu msimu unasemaje? Miezi hii mahindi na alizeti vinashuka sokoni. Pale Kibaigwa kuna kupakia, kupima, kushona midomo ya magunia. Kiangazi zabibu zinakomaa kwa mara ya pili, huko Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Mvunaji anaingia shambani asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, mkasi mkononi, anashika kichala kwa kikonyo asiziponde punje, anaondoa zilizooza, anapanga kwenye kreti. Saa nne vidole vimeshagandana kwa utomvu wa sukari na nyuki wameshafika. Mjini kuna saidia fundi, kuna tuisheni za watoto wa darasa la nne na la saba, kuna kukaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa.

Najua mtu ataniuliza: zabibu hizo si nyingi zinakwenda kuwa mvinyo, aliyeokoka avune? Kaa na wazazi wako na mchungaji, mlijadili mbele za Mungu. Dhamiri ikikukatalia, yapo mashamba ya alizeti. Lakini nimeona pia vijana ambao dhamiri zao huamka panapotajwa jembe tu.

Jambo ninalotaka mlione katika sura hii ni hili: Biblia inaieleza kazi ya Ruthu kwa maneno machache, lakini inakaa sana juu ya shamba la nani. Boazi, mwenye shamba ambamo Ruthu aliokota, anawasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana nao wanamjibu. Anamwambia Ruthu asihame kwenda shamba jingine, aandamane na wasichana wake, akiona kiu anywe maji yaliyotekwa na vijana; na vijana hao ameshawakataza wasimguse. Naomi naye, aliposikia, alisema wazi kwamba ni vema abaki na wasichana hao, asije akapatikana na ubaya katika shamba jingine. Wale wanawake walijua mashamba yako namna gani. Dada zetu wanajua pia, kwenye vibanda vinavyofungwa saa nne usiku na kwa mabosi wanaotaka "mazungumzo" kabla ya mshahara.

Kwa hiyo ukiwa na kazi mbili mbele yako, moja ina jina na nyingine haina, mimi nitakuuliza kwanza utashinda na nani kutwa nzima. Fundi ujenzi mcha Mungu, anayepima ukuta kwa timazi na kukulipa Jumamosi, atakufaa kuliko ofisi yenye kiyoyozi ambako utafundishwa kughushi risiti.

Jioni Ruthu alipura alichookota, kikawa kama efa ya shayiri, yaani karibu debe moja. Alirudi nacho mjini, pamoja na chakula alichobakiza mchana. Naomi akamuuliza ameokota wapi leo. Wazazi, ulizeni. Mnauliza sana kapata shilingi ngapi. Ulizeni kafanya kwa nani, nani mwingine yuko pale, anarudije. Na wewe kijana, kazi usiyoweza kuitaja kwa mama yako imeshajijibu. Vivyo hivyo na zile za WhatsApp zinazotaka utume hela ya fomu kwanza. Kubeti sikuiweka hata kwenye hesabu.

Halafu kuna mambo ya karatasi, nayo ni ya kiroho kuliko tunavyodhani. Maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) yanaangukia miezi hii hii. Kuna kuhakiki cheti cha kuzaliwa, kuna sahihi za serikali ya mtaa na za mwanasheria. Mwambie mwajiri mapema kwamba kuna siku utaomba ruhusa. Asiyekubali hata hilo, mwache.

Ruthu alikaa na wasichana wa Boazi mpaka shayiri ikaisha na ngano ikaisha. Hakuhamahama kila wiki kwa ajili ya tofauti ya elfu moja.

Nanyi wenye mashamba, maduka na nyumba zinazojengwa, sura hiyo hiyo ya 19 ya Walawi, mstari wa 13, inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Kuna vijana wa kanisani wamebeba zege kwa waumini wenzao na bado wanazungushwa: "njoo Jumatatu", "pita mwisho wa mwezi". Juma hili tuwaombee wanaotafuta kazi, kila mmoja kwa jina lake, kwenye jumuiya zetu. Na mwenye deni la kijana amlipe kabla hajaja kuombea.