Kaseti ya Bibi, wiki ya saba: hezi 53

Imekubali. Jana usiku, saa nne kasorobo, gizani, imekubali.

Kwa mliojiunga juzi: kaseti ni moja tu, ya dakika 60. Bibi aliirekodi mwaka 1997 chumbani kwake Kibokoni, barua ya mdomo kwa dadake aliyebaki kwao Barawa, Somalia. Nahodha aliyeahidi kuibeba akang'oa nanga mapema, kaseti ikabaki kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na kadi ya kambi ya wakimbizi. Bibi mwenyewe alitua Mombasa 1991, vita vilipoingia mjini kwao, kwa mashua, kaskazi ikiwasukuma. Alifariki 2009. Picha zake tunazo nne. Sauti ni hii tu.

Ukungu, sifongo kilichobanduka, kichwa kusuguliwa kwa spiriti: nimeshasimulia, sirudii. Nitasema tu kwamba kile kidude cha plastiki cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachouzwa kwa ajili ya kazi hii hii, nimempa mpwa wangu akichezee. Redio kaseti kuukuu ya marehemu baba, mkanda wake wa mpira ukishabadilishwa, inakishinda mara kumi.

Kilichonila wiki tatu ni mwendo. Bibi alitoka kwenye spika akisema kama mwanafunzi wa chuoni aliyechelewa kwa maalimu. Mama alisikiliza nusu dakika, akasema, "Huyu si mama," akarudi jikoni. Mjomba, kwa simu kutoka Columbus, Marekani, akaapa kwamba ndiye, mama yao alikuwa na sauti nyembamba. Wakabishana hadi wakafika kwenye mkufu uliopotea kabla sijazaliwa. Nikakata simu.

Nikajaribu kukadiria kwa sikio, na hapo ndipo nilipopoteza siku nyingi. Ukipunguza mwendo asilimia 3 unamsikia Bibi. Ukipunguza 8 unamsikia Bibi vile vile, ana mafua. Ukisharudia mara ishirini sikio linakubali lolote. Nilihitaji kitu ndani ya utepe ambacho kipimo chake nakijua. Kuna adhana kwa mbali dakika ya tisa, lakini muadhini hana namba.

Umeme unayo. Redio ya Bibi ilikuwa imechomekwa ukutani (Mama anaukumbuka waya, ulipita chini ya kitanda na ulimkwaza kila siku), na umeme wetu ni hezi 50, yaani hutetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo wake hujiandika kwenye utepe pamoja na sauti. Ukisoma 50, mwendo ni sawa. Ukisoma zaidi, utepe unakimbia.

Nikapima kwa Audacity, programu ya kuchezea sauti kwenye kompyuta. Nundu ya mvumo kwenye mchoro wake ikakaa palepale kwenye 50. Yaani mwendo sawa, na Mama hamjui mamake. Nikamwambia hivyo, kwa maneno laini kidogo. Hakunijibu.

Kumbe nilipima kwa dirisha la 2048, yaani sampuli 2048 za sauti kwa mara moja, lile unalolikuta ukifungua programu. Kila hatua yake ni hezi 21 na ushei. Ni kupima dhahabu kwa mizani ya viazi vya Marikiti. Nikapandisha hadi 65536, hatua zikawa chini ya hezi moja, nundu ikapasuka ikawa vilele viwili: kimoja 50, kingine 53. Nikaisingizia panka. Nikaizima, na viwili vipo. Nikaisingizia friji. Nikaisingizia ya jirani.

Jana umeme ukakatika mtaa mzima. Mimi, kwa ukaidi tu, nikatia mawe sita (betri) kwenye redio, kompyuta ikala betri yake, nikarekodi tena dakika zile zile kwa mwanga wa simu. Kilele cha 50 hakipo! Kile cha 53 kimesimama peke yake, na ndugu zake, mara mbili na mara tatu yake, pale 106 na 159. Nyumba nzima haina umeme, kwa hiyo mvumo ule hauwezi kuwa wa leo. Ni wa Kibokoni, wa 1997. Ile 50 ilikuwa ya redio yangu mimi, ikiingia kila nilipochomeka ukutani, ikinidanganya wiki tatu.

Gawa 50 kwa 53: unapunguza mwendo asilimia 5.66. Dakika 30 za upande A zikarefuka hadi 31 na sekunde 48. Nikabonyeza, nikaongeza sauti. Dakika ya nne Bibi anaacha kusema na dadake, anamwita Mama kwa jina alete maji.

"Abee!" Mama akaitika kutoka jikoni.

Akatoka na mshumaa mkononi, akasimama mlangoni. Hakuna aliyesema kitu. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, na safari hii akaketi.

Mpango ulikuwa wiki hii nianze kuzipiga skani zile picha nne. Zitangoja. Kwa mwendo huu maneno yanasikika, na Bibi anasema Chimiini tupu, Kiswahili cha Barawa, kile ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita Chimbalazi. Kisu kwake ni chisu. Kula ni kuja. Jirani zetu wa Kibokoni walikuwa wakiambiwa "kuja" wanainuka kwenda kwake, naye akiwaambia wale. Dakika ya 22 anaghani steenzi, yaani utenzi, na Mama anadhani ni ya Dada Masiti, yule malenga mwanamke wa Barawa, kwa sababu ndizo alizokuwa akiziimba akipika mofa. Nimefungua daftari. Maneno 61 mpaka sasa, na Mama ananisahihisha kila la tatu. Mjomba ametuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kuhusu neno moja la samaki. Bado anashikilia kwamba sauti ilikuwa nyembamba zaidi.

Upande B nimeujaribu leo asubuhi, kwa mawe, dirisha lile lile la 65536. Hakuna kilele, si 50 wala 53, ni mchanga mtupu. Nikajua sababu sekunde ya kumi, Bibi alipomwambia dadake amwie radhi, umeme umekatika, wametia mawe.